Auxerre: Klabu isiyo na fedha iliyoamua kulea watoto

Katika mji wa Auxerre, Ufaransa, kuna habari moja ambayo watu wameisimulia kwa miaka mingi. Ni habari ya kocha wa mpira aliyekuwa akipita usiku mbele ya nyumba za wachezaji wake na kuweka kiganja juu ya boneti za magari yao. Boneti ikiwa ya baridi, mwenye gari yuko ndani, amelala. Ikiwa ya moto, basi huyo ametoka kurudi sasa hivi, na kesho mazoezini ataulizwa alikuwa wapi.

Kwa wadogo ambao hawakuwa na magari, kocha alisoma kilomita kwenye pikipiki zao ndogo. Akizikuta zimezidi safari ya kwenda mazoezini na kurudi, kijana alikuwa na maelezo ya kutoa. Na kwa wale waliotamani starehe za Paris, kilomita kama 170 kutoka hapo, inasimuliwa kwamba alikuwa na watu wake kwenye vibanda vya kulipia barabara kuu. Kijana akipita tu, kocha anapigiwa simu.

Kocha huyo ni Guy Roux. Alikabidhiwa timu ya Auxerre mwaka 1961 na akaiacha mwaka 2005, akikatisha mara chache tu hapo katikati. Alipoanza, timu ilikuwa ya ridhaa, ikicheza ligi ya mkoa. Alipoondoka, ilikuwa imekwisha kuwa bingwa wa Ufaransa na kutwaa Kombe la Ufaransa mara nne. Yote hayo katika mji wenye watu wapatao 35,000 tu, ambao uwanja wake unaweza kuingiza karibu nusu ya wakazi wote.

Wapo wanaozicheka habari za boneti na pikipiki. Wapo pia wanaosema alizidisha, kwamba kijana si mfungwa. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kukaa sebuleni saa sita usiku, taa imezimwa, akisikiliza kama geti litafunguka, anajua kile kiganja kilikuwa kinatafuta nini.

Ilianza na padri

Klabu hii haikuanzishwa na tajiri wala kiwanda. Ilianzishwa na padri. Mwaka 1905, mwaka uleule ambao Ufaransa ilipitisha sheria ya kutenganisha Kanisa na Serikali, Padri Ernest Deschamps aliunda chama cha vijana wa parokia. Jina lake linasema wazi: Association de la Jeunesse Auxerroise, yaani Chama cha Vijana wa Auxerre. Ndizo herufi AJA ambazo mashabiki wanaziimba hadi leo.

Wakati ule Kanisa lilikuwa linapoteza nafasi yake katika maisha ya umma, na mapadri wengi wa Ufaransa waliona kwamba vijana hawawezi kushikwa kwa mahubiri peke yake. Walihitaji mahali pa kukimbia, kucheza, kuchoka na kukutana na wenzao chini ya macho ya mtu mzima. Mpira ulikuwa njia. Kusudi lilikuwa mtoto.

Padri Deschamps alitafuta kiwanja kando ya mto Yonne, nje kidogo ya mji wa zamani, na hapo ndipo AJA inapochezea mpaka sasa. Baada ya kifo chake uwanja ulipewa jina lake. Ni jambo la pekee kidogo katika soka la Ulaya: timu iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa inacheza kwenye uwanja wenye jina la padri wa parokia.

Kwa zaidi ya nusu karne klabu haikusikika mbali. Ilicheza na timu za miji ya jirani, wachezaji wakiwa watu wenye kazi zao, na Jumapili wakirudi nyumbani na matope miguuni. Hakuna aliyetarajia zaidi ya hapo.

Kijana wa miaka 22 aliyeomba kazi

Guy Roux alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Colmar, mashariki mwa Ufaransa, lakini utoto wake ulipita Appoigny, kijiji cha karibu na Auxerre, kwa babu na bibi yake. Kwa hiyo alijua mapema maana ya mtoto kulelewa na mtu ambaye si baba wala mama yake. Alivaa jezi ya AJA akiwa kijana, akaenda kucheza kwingine, na alipofika miaka 22 akaandika barua kuomba kazi ya kuwa kocha na mchezaji wa klabu ya nyumbani.

Barua yake haikuwa peke yake mezani. Inasemwa kwamba kilichomsaidia ni kiasi cha fedha alichoomba, kwa sababu kilikuwa kidogo kuliko cha wengine. Viongozi wakampa. Sifa ya kubana fedha haikumwacha tena maishani, na vichekesho vya televisheni ya Ufaransa vilimkejeli kwa hilo miaka na miaka. Mwenyewe hakuonekana kukasirika. Anayejua hesabu ya nyumba yake haoni haya kuambiwa ni mchoyo.

Mwaka 1963 klabu ilimpata rais mpya, Jean-Claude Hamel, ambaye alikaa kwenye kiti hicho mpaka 2009. Hebu fikiria: rais mmoja kwa miaka 46, na kocha mmoja kwa zaidi ya miaka 40. Katika mpira wa leo, ambapo kocha anafukuzwa baada ya kupoteza mechi tano, hilo linasikika kama hadithi. Lakini mtoto aliyeingia Auxerre akiwa na miaka 14 aliweza kukua, kukosea, kurekebishwa na kufika utu uzima huku akikuta sura zilezile mlangoni. Nyumba ngapi zina uhakika wa namna hiyo?

Kupanda kulikuwa kwa polepole. Mwaka 1970 timu iliingia daraja la tatu. Mwaka 1974 ikafika daraja la pili. Mwaka 1979, ikiwa bado daraja la pili, ilifika fainali ya Kombe la Ufaransa, ikafungwa na Nantes mabao 4-1 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata, 1980, ikapanda ligi kuu. Ilikuwa imepita miaka 19 tangu barua ile ya maombi.

Hapo ndipo swali gumu lilipokuja. Mji mdogo hauna mapato ya Paris wala ya Marseille. Ukiingia sokoni kununua wachezaji na matajiri, utarudi na mifuko mitupu. Auxerre ilichagua njia ya pili: kuwachukua wangali wadogo na kuwalea. Kituo cha vijana kikawa ndicho moyo wa klabu. Kilikuwa na mabweni, shule, viwanja vya mazoezi, na watu wazima ambao kazi yao ilikuwa kujua kila mtoto amelala wapi.

Kijana wa Marseille na jezi ya bure

Mwaka 1981 alifika kijana wa miaka 15 kutoka Marseille, zaidi ya kilomita 500 kusini. Baba yake alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, mama yake mshonaji. Jina lake Eric Cantona. Wapenzi wa Manchester United hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kabla ya Auxerre kijana huyo alikuwa amepita Nice, klabu kubwa zaidi na iliyo karibu zaidi na kwao. Inasimuliwa kwamba huko aliomba jezi ya timu, akaambiwa ailipie. Auxerre alipokwenda kujaribiwa, Guy Roux, yule yule anayeitwa mchoyo, alimruhusu aondoke na jezi bila kutoa senti. Kijana akarudi nyumbani na jezi zake, na uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika.

Mzazi anaweza kuisoma habari hii na kutabasamu. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo watu wazima husahau. Mtoto wa miaka 15 hapimi mishahara wala mipango ya miaka mitano. Anapima kama amepokelewa. Mtu aliyebana kila faranga alijua mahali ambapo hapafai kubana.

Na kuna upande wa pili wa safari hiyo, upande wa wale waliobaki nyumbani. Kumwachia mtoto wa miaka 15 aende kuishi mwendo wa siku nzima kutoka kwenu si jambo dogo. Miaka ile hakukuwa na simu ya mkononi ya kumpigia usiku, wala picha ya kukutumia kuonyesha amekula nini. Mama na baba waliwaachia watu wa Auxerre mtoto, na walichopewa ni neno la kocha tu. Ukizitazama kwa jicho hilo, zile kilomita za pikipiki si uchunguzi wa polisi. Ni kocha anayelipa deni kwa mama aliye mbali.

Kumkaba mtu kwa mtu

Uwanjani, Guy Roux alikuwa na imani moja ambayo hakuiacha hata wenzake walipoiona ya kizamani. Timu yake ilikaba mtu kwa mtu. Kila beki alipewa mshambuliaji wake, na kazi yake ilikuwa kumfuata popote aendapo. Mbele walicheza washambuliaji watatu, wawili wakikaa pembeni. Miaka ilipita, makocha wengi wakahamia kukaba maeneo, Auxerre ikaendelea na mtindo wake.

Ni rahisi kuona kwamba alilea kama alivyokaba. Katika kituo chake haikutosha kutoa kanuni ukutani na kusubiri zifuatwe. Kila kijana alikuwa na mtu anayemfuata.

Basile Boli alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Abidjan, Ivory Coast, mwaka 1967, akakulia Ufaransa, akaingia Auxerre akiwa bado mtoto. Nduguye Roger naye alipita hapohapo. Basile alikuwa na mwili wa mtu mzima kabla ya wakati wake, na mwaka 1983, akiwa na miaka 16, alikuwa tayari anacheza ligi kuu. Kijana wa namna hiyo ana hatari zake. Watu wanamwona mkubwa kwa sababu ya mabega yake, wanasahau kwamba kichwani ana miaka 16. Ana fedha mfukoni, ana marafiki wapya, ana jina gazetini. Hapo ndipo wazazi wengi huondoa mkono, wakisema sasa amekua. Auxerre ndipo ilipouongeza.

Boli aliichezea klabu hiyo mpaka 1990, kisha akahamia Marseille. Tarehe 26 Mei 1993, mjini Munich, alipiga kichwa kilichoizamisha AC Milan na kuipa Marseille Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Aliyefunga bao lile alikuwa mtoto wa bweni la Auxerre.

Kulegeza kamba bila kuiachia

Ingekuwa uongo kusema njia hiyo ilifanya kazi kwa kila mtu kwa namna ileile. Cantona hakuwa mtoto wa kukunjwa. Alikuwa na hasira za ghafla, na mwaka 1987 alimpiga ngumi mchezaji mwenzake wa Auxerre, akatozwa faini. Angekuwa kwingine, pengine angefukuzwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, katika msimu wa 1985/86, Guy Roux alikuwa amefanya jambo ambalo halifanani na mtu wa kupapasa boneti. Cantona alikuwa amependa. Mchumba wake alikuwa kusini, na kijana alikuwa akisafiri, akichoka, akili haipo mazoezini. Kocha hakumfungia. Alimpeleka kwa mkopo Martigues, klabu ndogo ya daraja la pili iliyo huko huko kusini, karibu na mchumba. Mechi zilikuwa nyingi, makelele machache, na moyo ulitulia.

Aliporudi Auxerre alikuwa mtu mwingine. Akawa mchezaji wa kudumu, akaoa, na mwaka 1987 akaitwa timu ya taifa ya Ufaransa. Mwaka 1988 Marseille, klabu ya mji wake wa kuzaliwa, ilimnunua kwa bei ambayo Ufaransa haikuwa imeiona.

Wazazi wenye kijana wa miaka 19 ndani ya nyumba wanaweza kukaa na habari hii kwa muda. Mtu yuleyule aliyehesabu kilomita za pikipiki ndiye aliyempa kijana mmoja nafasi ya kwenda mamia ya kilomita kumfuata mpenzi. Alikuwa anajua ni nani wa kumkaba kwa karibu na ni nani ukimkaba sana atavunja mlango. Na hilo asingelijua kama asingekuwa amemfuatilia tangu mwanzo. Uhuru aliompa Cantona ulitokana na kumjua. Haukuwa uhuru wa mlezi aliyechoka.

Mwaka wa vikombe viwili

Miaka ya 1990 ndiyo iliyoleta mavuno. Mwaka 1993 Auxerre ilifika nusu fainali ya Kombe la UEFA, ikatolewa na Borussia Dortmund kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1994 ilitwaa Kombe la Ufaransa kwa mara ya kwanza, ikiifunga Montpellier 3-0. Ilikuwa imepita miaka 33 tangu Guy Roux aanze kazi.

Mwaka 1996 ukazidi yote. Auxerre ilikuwa bingwa wa ligi, na katika msimu huohuo ikatwaa tena Kombe la Ufaransa kwa kuifunga Nîmes 2-1. Mmoja wa waliofunga katika fainali hiyo alikuwa Laurent Blanc, beki aliyekuwa amefika msimu huo akiwa tayari mtu mzima, na akaondoka baada ya mwaka mmoja. Lakini pembeni yake walikuwapo waliokulia palepale, kama kipa Lionel Charbonnier na winga Bernard Diomède. Ufaransa ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998, wote wawili walikuwa kwenye kikosi wakiwa wachezaji wa Auxerre, pamoja na mshambuliaji wa klabu hiyo, Stéphane Guivarc'h.

Na bado, kila mwaka mtu aliondoka. Hilo ndilo jambo ambalo klabu hii ililijua tangu siku ya kwanza na haikuwahi kujidanganya. Ukimlea mtoto vizuri, watu watamtaka. Djibril Cissé, mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa mara mbili, alikwenda Liverpool mwaka 2004. Abou Diaby alikwenda Arsenal mwaka 2006. Bacary Sagna, mtoto wa Sens, mji wa mkoa huohuo wa Yonne, alimfuata mwaka 2007. Mashabiki wa Arsenal waliompenda Sagna kwa kukimbia upande wa kulia dakika zote 90 bila kulalamika wanajua sasa alikotoka.

Baadhi yao waliaga vizuri. Wengine waliondoka kwa ugomvi. Fedha zilizopatikana zilirudi kwa watoto waliofuata. Hakuna aliyebaki kwa sababu tu alilelewa pale, na hakuna aliyeweza kudaiwa abaki.

Wale ambao majina yao hayakuandikwa

Hadithi za akademi za mpira zina kasoro moja: husimuliwa na walioshinda. Katika kituo chochote cha vijana barani Ulaya, wengi wa wanaoingia hawawi wachezaji wa kulipwa. Kwa kila Boli kuna vijana wengi ambao siku moja waliitwa ofisini, wakaambiwa hawataendelea, wakafunga mabegi.

Hao ndio kipimo halisi cha malezi. Kijana aliyefanikiwa atasema mlezi wake alikuwa mzuri, maana mafanikio husamehe mengi. Lakini aliyerudishwa nyumbani akiwa na miaka 18 ana nini mkononi? Kama alipata shule, kama alizoea kuamka mapema, kusalimia, kufua nguo zake na kusema ukweli alipoulizwa alikuwa wapi usiku, basi hakurudi mikono mitupu. Kama alipewa mpira peke yake, siku mpira ulipokataa alibaki bila chochote.

Padri Deschamps hakuanzisha chama chake ili kuuza wachezaji. Katika mwaka 1905 hakukuwa na mtu wa kuwanunua. Alitaka vijana wa mji wawe na mahali. Miaka mingi baadaye fedha ziliingia, televisheni ikaingia, mawakala wakaingia, na jaribu la kumtazama mtoto kama bidhaa likaingia nazo. Mzazi anayempeleka mwanawe kwenye akademi leo, iwe ya mtaani au ya nje ya nchi, asiulize tu ni wachezaji wangapi wametoka hapo. Aulize pia wasiotoka wanakwenda wapi.

Mlezi naye huchoka

Mwaka 2000 Guy Roux alisema imetosha. Alimkabidhi timu Daniel Rolland, mtu aliyekuwa amewalea vijana wa kituo kwa miaka mingi. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mwaka mmoja baadaye Roux alikuwa amerudi kwenye benchi.

Wazazi wengi wanaifahamu hali hii. Unasema watoto wamekua, sasa napumzika, kisha saa kumi na moja alfajiri uko jikoni unaulizia nani amekula. Mwezi Novemba 2001 moyo ulimkatalia na akafanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Akapona, akarudi tena. Mwaka 2003 akatwaa Kombe la Ufaransa kwa kuifunga Paris Saint-Germain 2-1.

Mara ya mwisho ilikuwa Juni 2005, fainali nyingine ya Kombe la Ufaransa, dhidi ya Sedan. Benjani Mwaruwari kutoka Zimbabwe alifunga la kwanza, Sedan wakasawazisha, na katika dakika za majeruhi Bonaventure Kalou wa Ivory Coast akafunga la ushindi. Mara baada ya hapo Roux akatangaza kwamba anaondoka. Alikuwa na miaka 66, na safari hii hakurudi kuifundisha Auxerre.

Klabu haikuanguka siku hiyo. Mwaka 2010 ilimaliza ligi katika nafasi ya tatu na ikacheza tena Ligi ya Mabingwa. Lakini mwaka 2012 ilishuka daraja, baada ya miaka 32 mfululizo ligi kuu. Ilikaa chini miaka kumi. Ilipanda 2022, ikashuka 2023, ikapanda tena 2024 ikiwa bingwa wa daraja la pili.

Wengine wanasema anguko lile lilionyesha kwamba kila kitu kilisimama juu ya mtu mmoja. Kuna ukweli katika hilo, na ni onyo kwa nyumba ambazo mzazi mmoja ndiye anayejua kila kitu: ada italipwa lini, dawa ya mtoto iko wapi, nani rafiki wa nani. Siku akiugua, nyumba nzima hupapasa gizani. Hata hivyo klabu haikufa. Uwanja wa padri uko palepale kando ya mto, na watoto bado wanaingia na mabegi yao.

Guy Roux hakuondoka na kuhamia jiji kubwa. Alibaki Appoigny, kijijini kwa babu na bibi, akiendelea kuonekana uwanjani mechi za nyumbani. Vijana aliowalea sasa ni watu wazima wenye mvi na wajukuu. Habari zinazosimuliwa kuhusu miaka ile ya Auxerre haziishii kwenye vikombe. Zimo pia za pikipiki.

Usiku huu kuna mzazi atakayesikia mlango ukifunguliwa taratibu, na viatu vikivuliwa nje ili visitoe sauti. Anaweza kujifanya amelala. Anaweza kuamka na kugomba mpaka majirani wasikie. Au anaweza kufanya alichofanya yule kocha: kwanza ajue, kisha kesho asubuhi, wakati wa chai, aulize kwa sauti ya kawaida, "Jana ulirudi saa ngapi, mwanangu?" Kisha anyamaze, asubiri jibu.